X Nyekundu Kwenye Ukuta wa Mtu

Leo nimepigwa mwiko kichwani kwa sababu ya herufi moja.

Niko kwenye mafunzo ya kuzuia mafuriko hapa Makadara. Asubuhi mkufunzi ametugawa makundi mawili na kutupa rangi nyekundu: nendeni mtaani, kila ukuta uliofikiwa na maji ya mvua, wekeni alama.

Mimi, mzaliwa wa hapa hapa Eastlands, nikaweka X.

X nyekundu! Ile ya nyumba zinazongoja tingatinga!

Sikufika nyumba ya tatu. Mama mmoja alitoka jikoni. "Mnabomoa lini?"

Kabla sijajibu, mwiko ukatua, wa moto, umejaa ugali. Majirani wakaja na mawe. Shati likararuliwa, damu ikanitoka puani.

"Mama, ni mafunzo tu!"

"Hata waliobomoa nyumba yangu ya kwanza walianza na rangi!"

Nimerudi nyumbani nikiwatukana njia nzima. Watu gani hawa, wanapiga kabla ya kuuliza?

Kisha nikaona mlango wangu. X nyekundu, rangi bado mbichi.

Nilikuwa nishaokota jiwe ndipo nikakumbuka kundi la pili lilitumwa mtaa wetu.

Jiwe bado liko mkononi. Nyinyi mngeliweka chini?