Safu ya Mbele Ilikuwa na Wenyewe

Nilibandika pesa za wafu kwenye paji la uso la mwimbaji aliye hai, nikiwa jukwaani, nikicheza, mbele ya mji mzima wa watu ambao mdogo wangu alikuwa anataka kuoa kwao. Nalisema mapema ili aliyesikia kwa wengine ajue ni kweli, na aliyeona video ajue yule mwenye kitenge cha njano ni mimi, wala si mtu tuliyefanana naye tu, kama nilivyomwambia mama mmoja wa kwaya hapa Scarborough bila hata kupepesa macho. (Hakuamini. Alisema hata kiuno alikitambua.)

Sasa nirudi nyuma niwapangieni mambo kwa utaratibu, maana kila anayeisimulia habari hii hapa Toronto anaanzia jukwaani, na mimi nataka ijulikane kwamba tuliondoka nyumbani tukiwa watu wenye heshima zao.

Mdogo wangu Beni anapakia mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege, na kazini hapo ndipo alipokutana na Mei, msichana mtaratibu aliyezaliwa Malaysia, kwenye mji mdogo wa jimbo la Perak ambao zamani uliishi kwa kuchimba bati. Mei hana baba wala mama, amelelewa na bibi yake, na alimwambia Beni waziwazi: "Bibi akikubali, mimi nimekubali. Akikataa, tutabaki marafiki." Na bibi hakutaka picha wala simu. Alitaka awaone watu wa Beni kwa macho yake. Wazazi wetu walishafariki, kwa hiyo watu wa Beni ni mimi dada yake mkubwa, mume wangu Baba Doreen, na binti yetu Doreen, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili, anaelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza.

Mei alitutahadharisha. Alisema mwezi wa nane ule ungeangukia kwenye mwezi wao wa wafu, ambapo roho za marehemu hutoka kutembelea walio hai, na kwao katika mwezi huo hakuna mtu anayezungumza habari za harusi. Lakini shule ya Doreen ilikuwa imefungwa wakati huo tu, na likizo ya Beni ilikuwa wakati huo tu, tukakubaliana kwamba hatuendi kuposa, tunakwenda kuonekana. Bibi atuangalie, mwezi wao ukiisha atoe neno lake. Yaani kazi tuliyopewa sisi watu wazima wawili, kwa nauli ile yote, ilikuwa ni kuonekana tuna akili. Basi.

Mji wenyewe niliupenda. Bati liliwaishia, au bei ilianguka (kila niliyemuuliza alinipa sababu yake), na mashimo ya migodi yamejaa maji, yamekuwa maziwa ya kijani ambayo usipoambiwa utadhani Mungu aliyaweka mwenyewe. Nje kidogo kuna mtambo wa kuchimbulia mkubwa kama ghorofa, umesimama juu ya maji na kutu yake. Maduka ya mtaa mkuu nusu yamefungwa. Kwenye mkahawa wa kahawa niliona wazee watupu, nikamuuliza Mei vijana wako wapi, akahesabu vidoleni: "Kuala Lumpur, Singapore, Australia, na mmoja yuko Malton."

Siku ya pili ya kufika kwetu, jioni, kulikuwa na maonyesho ya nyimbo uwanjani, turubai kubwa, jukwaa lenye taa za kila rangi, moshi wa udi, meza zimejaa vyakula. Mei akasema, "Dada, tangulieni. Mimi na Beni tunamleta bibi polepole, miguu yake mibaya. Kaeni, tutawaona."

Akasema kaeni. Hakusema wapi.

Inabidi mjue kwamba katika shughuli za Watanzania huku kwetu mimi ndiye kamati ya viti. Nimepanga kumbi za ubatizo, za kipaimara, za harusi, za kuaga maiti, na kanuni yangu ni moja, aliyetoka mbali anakaa mbele. Nimeshawahi kuwanyanyua watu wa Mississauga nikamweka mgeni kutoka Dodoma. Kwa hiyo nilipofika pale na kukuta uwanja umejaa, watu wamebanana mpaka kwenye pikipiki, lakini safu ya kwanza yote, viti vyekundu vya plastiki, iko wazi, roho yangu ilituna. Nikasema hawa watu wana adabu, wametuwekea.

"Mama, hakuna mtu anayekaa pale," Doreen akaniambia.

"Ndiyo tumewekewa sisi."

"Mama, hakuna mtu. Hata mmoja."

"Doreen, umevaa sare, nyoosha mgongo." (Sare ilikuwa kitenge cha njano, tulishonewa na fundi mmoja wa Parkdale, na mimi nilikuwa na kilemba cha ghorofa mbili.)

Tukakaa. Baba Doreen kushoto, Doreen katikati, mimi, na mkoba wangu nikaupa kiti chake peke yake kwa vile nafasi ilikuwepo. Nyuma yetu kelele zikapungua. Nikageuka nikawapungia mkono, hakuna aliyenipungia. Mama mmoja wa safu ya pili akanigusa bega, akaonyesha kidole nyuma, uso umekunjamana, nami nikamwelewa mara moja, nikavua kilemba ili nisimzibe. Akanigusa tena. Nikainama kidogo. Mara ya tatu akaacha, akashika kichwa.

Baba Doreen akaninong'oneza, "Mama Doreen, mbona kama tunatazamwa sisi badala ya jukwaa?"

"Hawajawahi kuona kitenge."

Ndipo akapanda jukwaani mwimbaji, binti mmoja kijana. Gauni linametameta mpaka linauma macho, sauti nzito ya huzuni, mdundo wa kinanda nyuma yake, na ule wimbo, jamani, sikujua neno hata moja lakini ulikuwa na maneno ya kumchoma mtu, ulikuwa na kujibu, ulikuwa na kununa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimelelewa kwenye taarabu kabla ya kulelewa kwenye kwaya. Mwimbaji akiimba namna ile na wewe uko mbele, umekaa tu umeshika mikono, huo ni utovu wa adabu. Anatuzwa.

"Nipe hela," nikamwambia Baba Doreen. Fedha zote za safari alishika yeye, maana mimi nikiwa ugenini sijui kukataa vitu.

"Za nini?"

"Za kumtuza."

"Mbona hakuna anayemtuza?"

"Ndiyo maana wanahitaji mtu wa kuwaanzishia."

Akanipa noti moja kubwa. Sasa huwezi kumtuza mtu na noti moja, unaonekana unalipa bili. Kwenye kumbi zetu kuna meza ya chenji, unatoa noti kubwa unapewa bunda la ndogondogo, unacheza nazo moja moja mpaka wimbo uishe. Nikatupa macho pembeni ya jukwaa, na hapo, wallahi (samahani, Padri), nikaiona meza. Ina kitambaa chekundu, ina mzee nyuma yake, ina mabunda ya noti yamepangwa vizuri kuliko hata ninavyopanga mimi. Nikasema hawa ni ndugu zetu kabisa.

Nikaweka noti yangu, nikachukua bunda. Mzee akainuka ghafla, akafungua mdomo, akaninyooshea mikono miwili. Nikajua ananirudishia chenji. Nikamwambia baki nayo, mzee wangu, leo ni leo.

Mtaniuliza sikuziangalia zile noti? Niliziangalia. Zilikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu na taji, na Malaysia wana mfalme, sasa mimi nijue nini? Zilikuwa na sifuri nyingi mno, nikakumbuka shilingi yetu, nikawahurumia. Nikapanda ngazi nikicheza.

Niwaambieni ukweli, nilicheza vizuri. Hata maadui zangu walioiona video wanakiri. Nikamzunguka yule binti mara moja, nikatoa noti ya kwanza, nikambandika kwenye paji la uso, na kwa jasho lile la taa ikanata sawasawa. Ya pili nikampitishia shavuni. Sauti yake ikakatika. Nikaona machozi yanamtoka, nikajua hajawahi kutuzwa maishani mwake, nikasema leo utapata ya miaka yote, nikammwagia bunda lililobaki kichwani kama maua ya harusi, nikapiga na kigelegele.

Kinanda kikanyamaza. Binti akaibandua ile noti ya usoni, akaiangalia, akapiga ukelele kwenye kipaza sauti, na ukelele huo nadhani ulifika Singapore. Akina mama wakasimama. Mtu akakimbia na udi. Kutoka chini namsikia Baba Doreen: "Shuka! Mama Doreen, shuka sasa hivi!" na mimi bado nina mguu mmoja hewani, kwa sababu mwili ukishashika mdundo hauachi papo hapo.

Aliyenishika mkono alikuwa Mei. Walikuwa ndio wanafika. Kiswahili alichofundishwa na Beni ni cha sentensi fupifupi, na siku ile kila sentensi ilinipiga peke yake. "Dada. Hizi si pesa za watu. Ni za kuchoma, za wafu. Wakatumie huko. Ukimpa mtu aliye hai, ni kama umemwambia aende."

"Aende wapi?"

"Huko."

Nikakaa chini palepale jukwaani. Mei akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia: "Na viti vya mbele si vya watu."

Akanieleza tukiwa tunateremka. Wachimbaji wa kwanza wa mji ule walitoka China kwa meli, wanaume watupu, na wengi walifunikwa na matope mashimoni kabla hawajapata mtoto wa kuwakumbuka. Nyimbo zile ni zao. Wao ndio wanaokaa mbele. Bibi yake Mei alikuwa mwoshaji bati, mmoja wa wanawake waliosimama mtoni wameinama kutwa na karai la mbao, na mume wake aliangukiwa na ukingo wa shimo, na mwili haukupatikana. Kila mwaka bibi hukaa safu ya pili, nyuma ya kiti kilekile kimoja. Nikamuuliza ni kipi. Akakitazama, nami nikakitazama. Mkoba wangu ulikuwa bado umekaa pale, umefunguka, na pakiti ya karanga inachungulia.

Mzee wa meza, ambaye kumbe ndiye mwenyekiti wa shughuli yote, hakunifokea. Alisema kupitia kwa Mei kwamba sikufanya kwa ubaya, lakini binti hataimba tena mpaka jambo liwekwe sawa. Noti zikaokotwa moja moja, mimi nikiwa mwokotaji, zikachomwa. Nikamwomba radhi yule binti, akaitikia bila kunitazama. Kisha nikapewa vijiti vya udi nikaviombe radhi vile viti.

"Na Padri tutamwambiaje?" Baba Doreen akaninong'oneza.

"Padri hajabandikwa noti usoni," nikamjibu, nikainamia safu nzima ya viti vitupu, kimoja baada ya kingine, na nilipofika kile cha mkoba nikainama zaidi. Kumtazama bibi sikuthubutu. Nilijua yuko nyuma yangu. Beni akanifuata, akanishika kiwiko ili nisiyumbe.

"Dada Vero," akaniambia, "nilikuomba kitu kimoja tu."

Nikainamia kiti kilichofuata.

Kesho yake tulikwenda nyumbani kwa bibi kama tulivyopanga. Ni mwanamke mdogo, mgongo umepinda kama bado ameshika karai. Akatuandalia kahawa na mikate, akakaa, akatutazama mmoja mmoja. Mimi akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja na Mei akalifasiri: anauliza kama nimekula. Nikasema nimekula, bibi, shikamoo. Akaitikia kwa kichwa, na mazungumzo yakaisha, akawasha televisheni.

Huku Toronto habari ilitutangulia, kwa kuwa Doreen alikuwa amerekodi tangu ngazi ya kwanza (alisema alidhani nitaanguka) na akamtumia rafiki yake mmoja tu. Huyo mmoja ana mama. Kwenye kipaimara cha mwezi uliopita mshereheshaji alitangaza kwamba kwaya iko tayari kutuzwa ila meza ya chenji imefungwa mpaka Dada Vero atoke ukumbini. Nilicheka nao, ningefanyaje. Kamati ya viti nimejiuzulu. Siku hizi nikiingia kwenye shughuli nakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, na nimeapa sitakalia kiti cha mbele popote duniani mpaka nioneshwe mwenye nacho.

Lakini lililo kubwa bado. Mwezi wao wa wafu umekwisha. Kila Jumapili Mei anampigia bibi, bibi anauliza baridi imeanza, anauliza Beni anakula vizuri, anakata simu. Neno lake hajalitoa. Beni ameacha kunilaumu, jambo linaloniuma kuliko alipokuwa ananilaumu.

Juzi Beni na Mei walikuja kwetu Malvern kula, na Doreen akatuonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona. Mwishoni mwa video, mimi nikiwa nashushwa, kamera inapita pembeni na bibi anaonekana, amesimama, ameshika mkongojo. Amejiziba uso kwa kitambaa chake na mabega yanatikisika. Tukairudisha. Tukaikuza mpaka bibi akawa vidoti.

"Analia huyo," Baba Doreen akasema. "Jamani, tumemliza mjane."

"Anacheka," Beni akasema. "Tazama mabega. Dada Vero, si anacheka?"

Mimi siku moja naona hivi, siku nyingine vile. Tukampa Mei simu. Akaitazama video mara mbili, akairudisha kwa Doreen, akasema amelelewa na bibi yake tangu yuko mgongoni, na hajawahi kumwona akilia wala akicheka mbele za watu, kwa hiyo hajui.