Safu ya Ukingoni

Basi la wazee wa Kiyahudi waliotoka Australia kutalii lilipokuwa likiukaribia mji mmoja wa Poland, mwongozaji wao, binti mchangamfu aliyeitwa Noemi, alipitisha kipaza sauti kutoka kiti hadi kiti.

"Haya wazee wangu, kila mmoja aseme. Poland mmeionaje?"

Mmoja alisema ina miti mingi kuliko alivyodhani. Mwingine, kwamba watu wake hawacheki. Zamu ilipomfikia Lajzer Kac, mwoka mikate mstaafu wa Melbourne, alisema tu, "Mkate wao ni mzuri," akakipitisha chombo mbele.

"Bahili wa maneno huyu!" alisema Bela Fajngold, mjane aliyekuwa jirani yake huko nyumbani na sasa jirani yake wa kiti. "Umevuka bahari zote hizo kuja kuonja mkate?"

"Nimekuja kumwona mama. Nawe unajua."

Bela alijua. Mama huyo alifariki katika mji huu Lajzer angali mtoto mdogo, miaka kadhaa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na vita vilipokaribia baba akamchukua mwanawe wakahamia Australia. Walikuwa ukoo wa makuhani, uzao wa Haruni, na Torati huwaruhusu makuhani kumkaribia maiti wa damu yao siku ya maziko tu. Baada ya hapo kuhani haingii makaburini asije akanajisika, hata kama aliyelala humo ndiye aliyemnyonyesha. Kwa sababu hiyo wanawake wa makuhani wa mji ule walizikwa katika safu ya ukingoni, kando ya barabara, ili waume na wana wao wasimame nje ya ua na kuwaona. Kila Mwaka Mpya wa Kiyahudi ulipokaribia, baba alimpandisha Lajzer mabegani, akimwonyesha kwa kidole ambacho unga haukutoka kamwe kwenye ukucha: "Jiwe lile lililochongwa kinara cha mishumaa. Mwamkie mama yako."

Picha hiyo aliishi nayo maisha yake yote. Hakutaka zaidi ya kusimama tena barabarani pale na kukiona kile kinara.

Basi liliegeshwa kando ya makaburi. Wenzake waliingia, naye akabaki kwenye lami, hatua moja nje ya ua wa seng'enge. Alitoa mfukoni kijiwe alichookota chini ya mlimau wake huko Melbourne, cha kuwekwa kaburini kama ilivyo desturi yao, akamkabidhi Bela.

"Mwekee juu ya jiwe lake. Safu ya kwanza kabisa. Mimi nitatazama kutoka hapa."

"Ingia mwenyewe, Kuhani! Hekalu la Yerusalemu Warumi walishalichoma, nani atakuuliza?"

"Baba hakuingia."

Bela aliacha mzaha. Alikwenda akiinama kwenye majani marefu, na sauti yake ikawa inarudi kupitia seng'enge: "Hili lina simba... Hili ni la mwanamume... Hili nalo la mwanamume. Lajzer, hapa hakuna kinara."

"Tazama vizuri, mwanamke wewe! Miwani umeiacha hotelini?"

"Miwani ninayo. Kinara ndicho hakipo."

Ng'ambo ya barabara kikongwe mmoja alikuwa akipalilia viazi. Lajzer alimwita kwa Kipolandi chake cha kitoto.

"Bibi, wale wanawake waliozikwa ukingoni, karibu na barabara, wako wapi?"

Kikongwe aliegemea jembe lake. "Barabara ilikuwa nyembamba, bwana. Walipoipanua wakausogeza ua ndani. Mawe waliyachukua. Waliolala hawakuwagusa." Akaitazama miguu ya Lajzer. "Umesimama juu yao."

Lajzer aliruka kama aliyekanyaga makaa. Hakujua mguu autue wapi, maana lami yote upande ule ilikuwa safu ile, na basi lao lilikuwa limetulia juu yake. Alivuka mbio hadi kwenye tuta la viazi, akashika magoti yake akihema. Kikongwe alifanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye jembe lake.

Bela alimfuata na kijiwe mkononi. "Nikiweke pale barabarani?"

Lori la magogo lilipita likivuma.

"Usiweke. Kitatoboa gurudumu la mtu." Alikipokea, akakirudisha mfukoni. "Mke wa fundi viatu asiye kuhani alizikwa katikati, Bela, na jiwe lake lipo. Sisi tulimweka mama ukingoni ili tumwone."

Bela alimshika mkono akamrudisha kwenye basi, naye akikanyaga kwa ncha za vidole.

Basi lilipoondoka Lajzer aliinua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akaishikilia hewani, mapaja yakimtetemeka, mpaka ua ulipokwisha. Noemi alipitisha tena kipaza sauti.

"Na sasa, babu Lajzer? Umeonaje?"

Alikipokea chombo.

"Barabara yao ni nzuri," alisema. "Laini kabisa. Mtu akipita hasikii kitu."