Mfuko Mwekundu Kizingitini kwa Bi Raya

Nasra, Ulaya umesoma kompyuta, hodi umeisahau wapi?

Nnakusema hapa mtandaoni mbele za watu kwa sababu nyumbani nshasema mpaka nimechoka.

Huyu ni mjukuu wangu. Karudi juzi juzi, kafungua biashara: unaagiza chakula kwa simu, vijana wa pikipiki wanakuletea. Nami nikajisifu mtaa mzima.

Leo mchana binti yake Bi Raya wa mtaa wa Jang'ombe kamwagizia mama yake wali wa nazi. Hakumwambia. Alitaka kumfurahisha.

Kijana kauweka mfuko kizingitini, kaupiga picha, kaondoka. Kimya kimya!

Bi Raya kafungua mlango. Chakula chini, aliyeleta hayupo, na mfuko wenyewe mwekundu. Nyie mngefikiri nini? Semeni hapo chini.

"Nimerogwa!"

Mtaa ukajaa. Wali ukamwagiwa chumvi ya kutoa uchawi. Pikipiki ya pili ilipotokea ikafukuzwa kwa mafagio, na sasa Jang'ombe haagizi mtu.

Namuuliza Nasra, ananambia, "Bibi, kule ndivyo wanavyotaka. Mtu hapendi kusumbuliwa."

Kusumbuliwa! Huku anayefika mlangoni bila hodi ni mwizi au mchawi.

Sasa yumo chumbani analia, eti atafunga biashara arudi Ulaya. Ukasome nini tena, mwanangu? Ulichobakisha kusoma kipo Jang'ombe.

Nawa uso. Vaa baibui lako, wachukue na hao vijana wako, mwende kwa Bi Raya kabla ya magharibi mkamtake radhi. Na simu ziacheni nyumbani.