Nilivyomtetea Dada kwa Kihispania

Jamani, hasira zitaniua! Dada yangu Neema anasoma Kihispania chuoni, mwaka wa pili. Kaseti zake za mwaka wa kwanza nimezimaliza mwenyewe nyumbani Kilosa, kwa hiyo najiona mjuzi.

Juzi darasa lao lilikuja Mikumi, nikaenda kumsalimia. Nafika uani hotelini, namkuta mzee anamfokea Neema kwa Kihispania: mwizi, rudisha mkoba wangu! Nikamkunja shati palepale, nikamjibu kwa Kihispania hichohicho:

"Dada yangu hajawahi kuiba!"

Mwanafunzi mmoja akapiga kelele, "We kaka, mwachie mwalimu! Wanaigiza, huo ni mtihani wa kuongea! Akifeli anarudi nyumbani!"

Nikaachia. "Shikamoo, mwalimu."

Mzee akanyoosha shati lake. Akamgeukia Neema. "Huyu kaka yako kweli?"

Dada yangu wa tumbo moja akanitazama juu mpaka chini. "Simjui, mwalimu. Mikumi hapa walevi wengi."