Kushuka Luapula kwa mtumbwi na mama mkwe nisiyeruhusiwa kumtazama

Wakuu, hamjambo humu ndani? Nawaandikia kutoka Lubumbashi, na nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu. Yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi.

Iko hivi.

Siku nyingi nina ndoto ya kushuka mto Luapula. Tuanzie Kasenga, tupige kasia siku kadhaa, usiku tulale kwenye hema ukingoni, mpaka mto uingie ziwa Mweru. Hapo boti ya abiria itubebe hadi Kilwa, tule samaki mpaka tuchoke.

(Kwa wasiojua: ng'ambo ya mto ni Zambia. Kwenye ramani ya simu nilishachagua fukwe tamu za mchanga za kulala, kumbe karibu zote ziko upande wao. Nimeanza upya.)

Mke wangu, Clarisse, aliupenda mpango, ila sisi wawili ni watoto wa mjini, kuogelea hatujui. Akaweka sharti, kwa Kiswahili chetu cha huku, kwamba lazima awepo mtu anayeyajua maji.

"Kama hakuna muntu wa kujua mayi, siye hatuende."

Nikatafuta. Marafiki zangu wote mto wanaujua kwenye picha tu. Nikaanza kukata tamaa.

Jumapili moja Clarisse akarudi kutoka kwao anacheka. Mtu amepatikana: mama yake. Kazaliwa Kasenga, kakulia mtumbwini, na ameshaomba ruhusa kwa wenzake wa kwaya.

Hapo ndipo shida ilipo, wakuu.

Kwa mila ya kwao Clarisse, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, wala hawasemeshani. Tangu nioe, maneno yetu yote yanapitia kwa Clarisse, hata tukiwa ua mmoja. "Mwambie baba chai iko tayari," anasema mama (baba ndiye mimi). "Mwambie mama asante," najibu. Mimi niko palepale, nasikia kila kitu!

Sasa huyo ndiye nikae naye mtumbwini siku kadhaa?

Lakini bila yeye hakuna mto. Tukaenda kujaribu kwenye ziwa dogo nje ya mji, tukakodi mitumbwi miwili. Mama na Clarisse wakapanda mmoja, mimi wangu peke yangu, heshima izingatiwe.

Nilizunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu. Wavuvi walicheka hadi nikatamani kuzama.

Clarisse akateremshwa ufukweni. Nikaambiwa, kupitia kwake, nihamie mtumbwi wa mama na nikae mbele. Mama nyuma, anaongoza.

Tukaondoka. Mtumbwi ukaanza kuelekea kwenye matete, na mpitisha maneno wetu tumemwacha nchi kavu.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Baba, mupige kushoto."

Nilishtuka, nikataka kugeuka. Mtumbwi ukayumba.

"Musigeuke," akasema taratibu. "Mu bwato, mu mtumbwi, bantu bote banaangariaka mbele. Hakuna mwenye kumuona mwenzake. Mupige tu."

Nikapiga. Wakuu, mtumbwi ulinyooka! Akanieleza mkondo wa Luapula unavyovuta, mahali mamba wanapoota jua, na jinsi baba yake alivyokuwa akimlaza sakafuni mwa mtumbwi akiwa mdogo. Nami nikamjibu, kwa mdomo wangu mwenyewe, uso mbele. Nilikuwa natabasamu kama mjinga na hakuna aliyeniona.

Tulipogusa nchi kavu akamgeukia Clarisse.

"Umwambie baba, anajua kusikia."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Safari ipo, wakuu! Mahema mawili, yaliyotengana, na kila mtu na sufuria yake. Nilichojifunza ni kwamba mila niliyoiona ukuta ilikuwa na mlango, sema mlango wenyewe uko majini.

Nyinyi mliooa kwa wakwe wenye mila kali, nisaidieni hapo chini. Miaka yote hii nilikuwa na la kumwambia kila siku, na sasa nina mto mzima. Nianze na lipi?