Alizeti za Kota

Mama alipopata barua ya kumtaka aondoke kwenye kota, hakulia wala hakufunga mizigo. Alichukua jembe akapanda alizeti kuzunguka nyumba nzima, mpaka chini ya dirisha la chumba chake.

Nilijua anafanya nini. Kwetu Iramba hakuna anayemhamisha mwenzake mazao yakiwa bado shambani. Hata ugomvi wa mipaka husubiri mavuno. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati Shelui, sasa amestaafu, na nyumba ile, ubavuni mwa zahanati, ilikuwa ya serikali, imejengwa kwa ajili ya muuguzi aliyepo kazini. Zile alizeti zilikuwa ngome yake.

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nilimpandishia sauti.

"Mama, chumba chako kwangu Unyambwa kipo tayari tangu mwaka jana. Unaniaibisha!"

"Niliyemlelea humu ndani ndiye ananifukuza," akasema, akaendelea kufukia mbegu.

Mwanangu wa miaka saba, niliyekwenda naye likizo, akauliza kwa nini serikali inamnyang'anya bibi nyumba. Nikakaa naye barazani nikamweleza kwamba si kila nyumba ni ya mtu mmoja. Ziko nchi ambako serikali au mji hujenga maghorofa, familia nyingi zikaishi humo kwa kodi nafuu, maana bila hivyo mfagia barabara na mpishi wa shule wangelala wapi? Kwingine watu huchangishana wakajenga nyumba za ushirika. Hapa kwetu kuna kota za walimu na wauguzi.

"Ni kama kata ya mtungini," nikamwambia. "Unakunywa, unairudisha, mwingine naye anywe."

"Na bibi akiwa bado ana kiu?"

Nikamtuma akachezee mbali.

Muuguzi mpya alikuwa binti mwenye mtoto mgongoni. Alipanga chumba ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alikuja, akapiga goti, akamwamkia mama shikamoo, akaziona alizeti zinachipua, akaelewa. Habari ya nyumba hakuigusa. Kesho yake alirudi na jembe kumsaidia mama palizi. Nilitaka kulia kwa hasira: mwenye haki ndiye anayeyapalilia mazao yanayomzuia kuingia.

Likizo iliisha tukarudi Unyambwa; nilipokuja tena kumsalimia mama, alizeti zilikuwa zimeanza kuchanua. Asubuhi na mapema bodaboda ikamleta mwanamke mjamzito, uchungu umemkaza. Zahanati ilikuwa imefungwa, muuguzi yuko njiani. Mama akatoka na kanga yake tu, akamzalisha pale pale barazani. Binti akafika anahema, kichanga kimeshalia.

"Nisamehe, mama. Malori yalikuwa mengi, nilishindwa kuvuka."

Mama alinawa mikono taratibu, akarudi ndani. Nilipomfuata nilimkuta anakunja chandarua. Alasiri akamwita yule binti, akamwekea ufunguo mkononi.

"Subiri kwanza uvune, mama," binti akasema. "Mimi nitavumilia."

"Wewe utavumilia, anayezaa atavumilia? Nilipoingia humu na mimba ya huyu," akanielekezea kidevu, "muuguzi aliyenitangulia aliniachia mahindi yamebeba. Niliyachoma nikala mwezi mzima, wala sikumuuliza alikokwenda alikula nini. Hizi alizeti ni zako. Na jembe baki nalo, lako limeisha makali."

Kesho yake, ndani ya basi la kwenda kwangu, mama alikaa dirishani, kanga ameivuta mpaka machoni. Nilitaka kumwomba radhi kwa kelele zote nilizompigia, nikaishia kumfungia dirisha. Kila nilichomwambia kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia.

Tulipofika Unyambwa hakuingia kwenye chumba nilichojivunia. Aliizunguka nyumba yangu, akautazama ule uwanja mtupu, akaniuliza jembe liko wapi. Nilikuwa sina. Nilikimbia dukani kulinunua.