Shangazi Mwanaidi na Zipu Yake

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya tahajia. Kiswahili cha kuandika nilikiachia darasa la nne, Tanga, na nikiandika naenda polepole. Lakini kila nikisikia harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya kifaa cha umeme, narudi Walthamstow, kule kwa Waingereza, Jumamosi asubuhi, mbele ya deki ya video ya Mjomba Kassim.

Mama alikuwa zamu, akiwahudumia wazee majumbani mwao, na Mjomba, kaka yake, ndiye aliyebaki nami. Kanda alizinunua sokoni, hatua chache kutoka mlangoni kwetu: vipindi vya watoto vya zamani, vya watu halisi si katuni, vilivyooneshwa Jumamosi asubuhi kabla sijazaliwa. Nilichokipenda kilikuwa na jitu la mpira lenye zipu mgongoni, na watoto waliolificha kwenye banda la baiskeli lisikamatwe na polisi. Sikujua Kiingereza hata neno. Shuleni nilikaa kimya mpaka walimu wakadhani siwezi kusema. Mjomba, kule Tanga, alikuwa mtafsiri katika banda la video, yule anayeshika kipaza sauti na kusema kwa niaba ya kila mtu kwenye filamu. Basi alichukua rimoti, akazima sauti. "Wenye lugha yao watusamehe," alisema, kama alivyofungua kila filamu kule bandani, "sasa wanazungumza watu wa Tanga." Polisi akawa Afande Kitambi. Jitu akaliita Shangazi Mwanaidi, nalo likaanza kulalamika: "Hii zipu jamani, nani kaifunga? Nimekula ubwabwa, hata kupumua taabu!" Nilicheka hadi chai ikanitoka puani. "Cheka taratibu, mama," Mjomba aliniambia, "jirani atadhani nakukaba." Wiki nzima, ni hapo tu nilipoelewa kila kitu.

Mwaka jana kiharusi kilimwondolea Mjomba maneno yote. Deki ilishakufa zamani, kwa hiyo nikakitafuta kipindi kile kwenye simu, nikakipata. Sasa Kiingereza nakijua. Jitu halisemi lolote, linanguruma tu. Polisi hana utani. Shangazi Mwanaidi hajawahi kuwepo.

Jumamosi iliyopita nilikiweka kwenye televisheni, nikamketisha Mjomba, nikazima sauti. Jitu lilipogeuza mgongo, midomo ya Mjomba ikacheza, pale pale pa zipu. Hakikutoka kitu. Mama akasema kutoka jikoni, "Msemee basi, wewe si una mdomo?" Nikajaribu. "Hii zipu jamani..." Mjomba alinisubiri. Alinisubiri sana. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, ule usiopooza, akachukua rimoti, akakirudisha Kiingereza. Tukatazama hivyo hadi mwisho, na hakuna aliyecheka.

Zamani sebule ile ndogo ilijaa watu wa Tanga. Leo televisheni ni pana, nyumba ina joto, na mimi ninayeelewa kila neno sina wa kuzungumza naye. Hatukuwahi kumrekodi, tulidhani Jumamosi zipo tu. Ila kanda alizotafsiri kule nyumbani zilirekodiwa na sauti yake, zikauzwa mitaani. Kama kwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda, ipo moja inayoanza na mwanamume akisema, "Wenye lugha yao watusamehe," tafadhali niandikie. Hata kama imeharibika. Hata kama imebaki sentensi hiyo moja.